Walivyomlilia Paulina Akiwa Hai

Neema mjukuu wangu, marahaba. Hapa Babati hatujambo, mama yako anakusalimu na mahindi yamekubali.

Umeuliza kwa nini nimejitoa kwenye lile kundi la simu la wenzangu wa chuo cha ualimu. Nimejitoa kwa hasira, na bado sijapoa.

Siku ya kuzaliwa ya Paulina, mwenzetu wa chuo ambaye hayumo kundini, mmoja wetu alituma picha ya Paulina bila maneno. Mwingine akaandika, "Pumzika kwa amani, dada yangu." Basi wote wakafuata, mishumaa na machozi! Hakuna hata mmoja aliyeuliza amekufa na nini. Mimi nilimpigia, hakupatikana, nikapanda bajaji mpaka kwake Bonga huku nalia. Nikamkuta uani, anapepeta maharage.

Huyu ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko nilipougua malaria chuoni. Nikampa simu, akasoma zile rambirambi zote.

"Huyu anayeniita dada yake anakaa hapo jirani, Nakwa," akasema. "Tangu nivunjike mguu hajakanyaga hapa."

Nikajitoa palepale, mbele yake.

Na wewe ukimaliza kusoma, usinitumie kile kidole gumba chenu. Piga, nisikie sauti.

Bibi yako