Mjane wa Seremala na Baraza la Mafundi

Landover, Maryland, 1998

Neema amekuwa dokta! Eliwaza mdogo wangu, mwanangu ni dokta, tena si wa sindano, ni dokta wa historia. Ukoo mzima hakuna aliyefika huko, hata hao shemeji zako wanaojiita wasomi.

Haya, sasa nikusalimu. Usingizi umerudi tangu mumeo Yona alazwe kaburini? Watoto wanakula? Sisi tu wazima, baridi tu inatutafuna magoti.

Siku ya Neema kukitetea kitabu chake mbele ya maprofesa nilivaa kitenge changu kikubwa, nikakaa mbele kabisa. Kitabu chenyewe ni habari za Wajerumani wa kale, karne nyingi kabla hawajaja kwetu kujenga boma na kutuchapa viboko. Katika mji wao kila kazi ilikuwa na chama cha mafundi, na asiye wa chama hashiki randa. Seremala akifa, mjane wake anaachiwa muda mfupi, kisha aolewe na fundi mwingine wa chama au afunge karakana. Eliwaza, moyo ulinilipuka. Si ndilo neno la shemeji zako? Uolewe na mdogo wake Yona, au utoe ufunguo wa karakana yake?

Basi mjane mmoja akakataa, akaenda kushtaki kwa baraza la mji. Na barazani wamekaa akina nani? Mafundi wakuu wa chama kile kile! Kesi ya ngedere kaipeleka kwa nyani.

Profesa mmoja mzee akauliza, "Mwisho wake?"

Neema akajibu kwamba walimnyang'anya karakana, akafa kwa baridi nje ya ukuta wa mji, na vyombo vyake wakagawana wale wale waliomhukumu.

Nikaangua kilio. Kilio cha msibani kabisa, mikono kichwani. Maprofesa wote wakasimama.

Garini Neema akanijia juu, kwa Kiingereza chake kama kawaida: "Mama, yule kafa zamani za kale!"

"Wewe umemsoma. Mimi nina mdogo wangu."

Akaendesha mpaka nyumbani. Wakati wa kushuka akasema kwa Kiswahili, "Mama mdogo asiende kwenye kikao cha shemeji zake peke yake."

Akili hizo kazirithi kwangu.

Kwa hiyo usikanyage kikao nyumbani kwa shemeji yako. Wanaoitaka karakana ndio haohao watakaohukumu. Tunakuja, mimi na Dokta. Msimamizi wangu hapa ninapotunza wazee kaniambia nikiondoka nisirudi. Sawa, sitarudi kwake. Wewe ufunguo ufunge kiunoni, upige randa kama Yona alivyokufundisha, nao wakusikie.

Nisalimie shangazi yetu aliyetulea, na mchungaji aliyemzika Yona. Waambie nawataka wakae upande wako, wasiogope macho ya mtu.

Ni mimi dada yako, Mama Dokta. Shemeji zako nao wasalimie, uwaambie kikao ni karakanani, waje wote, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.