Bangili Katika Maji ya Mrututu

Dodoma Stesheni, 4 Mei 1913

Kwa mama yangu Mwajabu, Kondoa. Nashika miguu yako. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila upweke. Gari moshi likishapita nabaki na upepo na mitungi kumi na miwili ya betri za simu, ambayo kazi yangu ni kuitunza. Siku hizi hata mitungi naiamkia.

Mama, ile bangili ya shaba ya bibi uliyonivulia nilipoondoka imelika kwa ndani. Nimepata dawa yake. Hapa tuna mrututu, ule ule wa kutia vidonda. Ukiukoroga majini, ukatumbukiza vipande viwili vya shaba vilivyofungwa kwenye nyaya za betri, shaba huondoka kwenye kipande kimoja, ikapita majini bila kuonekana, ikaganda kwenye cha pili. Si uchawi, nimeona kwa macho yangu. Nitainenepesha bangili, kisha Idi nitakurudishia kwa mkono wangu kama nilivyoahidi.

Mwanao Hasani

Kondoa, 2 Juni 1913

Mwanangu Hasani, marahaba. Magoti ni yale yale. Mwalimu Mbwana ndiye anayeniandikia na kunisomea, kwa hiyo usilete mambo ya aibu. Bangili iache ilivyo, wewe njoo tu. Nyumba imekuwa kubwa tangu baba yako afariki. Jogoo wa Idi nimeshamtenga.

Mama yako

Dodoma, 20 Agosti 1913

Mama, shikamoo. Mimi mzima. Kazi imezidi, Idi hii sitaweza. Nisamehe.

Hasani

Kondoa, 15 Novemba 1913

Mwanangu, u hali gani? Idi mbili zimepita. Yule jogoo alichinjwa, nyama ikanishinda, nikawagawia majirani. Barua yako haikutaja bangili. Umeoa huko? Unaumwa? Nieleze, hata kama Mwalimu atasikia.

Mama yako

Dodoma, 9 Desemba 1913

Mama, nashika miguu yako. Sijaoa wala siumwi. Nilikosea waya. Bangili niliifunga upande unaotoa shaba badala ya upande unaopokea, nikaiacha humo siku mbili. Nilipoitoa ilikuwa nyembamba kama uzi, ikakatika mkononi. Nikageuza nyaya ili shaba irudi, ikarudi chengachenga nyekundu. Shaba yote ipo, mama, haikupotea hata punje, ila si bangili tena. Niliona haya kurudi mikono mitupu, nikajificha kwenye kazi.

Mwanao Hasani

Kondoa, 6 Januari 1914

Mwanangu Hasani, marahaba, wala usilie. Bangili ile haikuwa ya bibi yako. Niliinunua kwa mchuuzi, ikanibana miaka yote. Nilikupa kwa sababu nakujua: ukiazima hata sindano, hutulii mpaka umeirudisha. Nilitaka uwe na kitu changu. Mwalimu anacheka akiandika haya, mimi sicheki. Sasa huna tena cha kunirudishia, Hasani, na hilo ndilo linalonitisha. Njoo hivyo hivyo.

Mama yako