Nyundo za Baba Mkubwa na Usingizi wa Mwanangu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza tu.

Mimi na mume wangu na mtoto wetu mchanga tunaishi kwenye ghorofa jipya lililo jirani na karakana ya masufuria, na hiyo karakana, Shangazi, ni ya baba mkubwa wangu aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, humo ndimo nilimokulia, usingizi wa utotoni niliulala ndani ya karai chini ya meza ya kazi huku mafundi wakigonga, na kila fundi nilimjua kwa nyundo yake nikiwa nimefumba macho, Kibogoyo aligonga haraka haraka kama anayefukuzwa, na baba mkubwa aligonga mara tatu kwenye bati, halafu moja nyepesi kwenye fuawe, lile pande la chuma wanalogongea, ya kupumzisha mkono, na mpaka leo nikikoroga chai kijiko changu kinagonga kikombe vivyo hivyo. Nyundo zote zikinyamaza tulijua chakula tayari, marehemu mama mkubwa ameshatoka mlangoni na mwiko wake. Nikiyakumbuka hayo machozi yananitoka.

Kwa hiyo tulipopata nyumba hapa nilifurahi kuliko mume wangu, na nilipokuwa mjamzito nilifungua dirisha mchana nisikie, na mwanangu alipozaliwa akawa mtoto wa ajabu, nyundo zikianza tu, huyo, amelala fofofo.

Sasa maji yamezidi unga. Baba mkubwa, ambaye maisha yake yote alifanya kazi mchana, ghafla amegeuza saa, anagonga alfajiri watu wakiwa vitandani, mchana kutwa kimya, kisha jioni watu wakirudi kutoka kazini anaanza tena, na sijui ni uzee au ni nini, kwa sababu mara ya mwisho nilipompelekea mtoto hakuwa na lolote, alimbeba, akamchekea, akaniuliza, “Huyu bwana mkubwa analala saa ngapi?” nikamjibu, “Mchana, baba. Alfajiri na jioni yuko macho makavu.” Wiki iliyofuata ndiyo vurugu ikaanza.

Majirani wamechachamaa. Kampuni iliyojenga ghorofa letu inataka kujenga la pili mpaka ukutani kwa karakana, na sasa imepata pa kushikia, inasema karakana ihamishwe, na Jumamosi afisa wa manispaa anakuja kutusikiliza sisi wakazi. Baba mkubwa akihamishwa kwa umri ule hatafungua tena mahali pengine, namjua, ataweka nyundo chini na yeye mwenyewe hatadumu. Juzi kwenye ngazi mama wa ghorofa ya juu alisema, “Kile kizee kinatukomoa!” wakacheka wote, na mimi nikacheka nao, Shangazi, nikacheka. Hawajui ni baba yangu. Mume wangu ananiambia, “Nyamaza, mke wangu, tutaonekana wasaliti.” Mtoto naye siku hizi mchana halali, analia mpaka sauti inamkauka. Nisimame upande wa nani?

Ni mimi, Binti wa Karakana

*

Marahaba, Binti wa Karakana. Umeomba kugombezwa, basi keti.

Mzee alikuuliza mtoto analala saa ngapi. Ukamwambia mchana. Tangu hapo mchana hagongi. Wewe uliyemjua kila fundi ukiwa umefumba macho, leo umeyafumbua na huoni? Hapo hakuna uzee wala kukomoa mtu. Mzee anamlindia mjukuu wake usingizi. Ameivuruga kazi aliyoizoea maisha yake yote, mafundi wake wanaamka na giza, majirani wanamtukana, naye ameridhika, ilimradi wako alale. Na huyo wako analia kwa sababu kimya ndicho asichokijua! Nilicheka peke yangu hapa mezani, halafu nikaweka kalamu chini. Baba yangu alikuwa seremala. Ningepewa leo mchana mmoja tu wa kusikia randa yake, nisingemuuliza mtu kama ni kelele.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapo kwenu mgeni kaja, mwenyeji anaambiwa afungashe, na binti wa mwenyeji anacheka ngazini. Aibu, mwanangu.

Leo hii mbebe mtoto uende karakana, upitie lango la mbele, majirani wakuone. Usianze na habari za majirani. Mwambie mzee, “Baba, mtoto halali bila nyundo zako, gonga mchana kama zamani.” Ataona haya, atajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mwache atafute.

Jumamosi simama mbele ya afisa useme wewe ni mtoto wa nani. Waombe radhi majirani, maana usingizi wamenyimwa kweli na wana haki ya kununa, uwaeleze saa zimerudi mchana, wao wakiwa makazini. Kampuni nayo isibembelezwe. Karakana ilikuwepo kabla yao, na anayehamia jirani na nyundo ndiye ajenge ukuta mnene. Ngazi na stoo za ghorofa hilo la pili zielekee karakana, vyumba vya kulala vielekee upande wa pili, na mumuombe afisa hilo liwe sharti kabla hata msingi haujachimbwa.

Mumeo mkumbushe kwamba alipokuja kukuposa bila shaka alikaa kwenye karakana hiyo hiyo, kelele zikiwa hizo hizo, na hakuziba masikio. Akae kando yako Jumamosi.

Kisha siku itakayofuata ya kazi, mchana ukifika, mlaze mtoto na ufungue dirisha. Tatu zitalia kwenye bati. Ukiisikia ile moja nyepesi ya kupumzisha mkono, na wewe pumzika.