Saa ya Fittja Juu ya Mlima wa Wagiriki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, alindaye msafiri na aliyebaki nyumbani.

Mke wangu mpendwa, Mama Hadija, salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani Fittja. Naomba goti lako liwe limepata nafuu.

Leo meli ilitushusha katika kisiwa cha Wagiriki. Tuliliacha basi la watalii, tukapanda wenyewe, Hadija, mwanawe Salma na mimi, hadi kijiji cha mlimani. Tulikula samaki wa kuchoma chini ya mzabibu, jua likiwaka kama la kwetu Jinja. Meli ilikuwa iondoke saa kumi na moja. Saa yangu ilionyesha saa tisa na robo, nikawaambia wasiharakishe.

Salma akatazama ukuta wa mkahawa. "Babu, saa yao inasema kumi na robo!"

"Imeharibika," nikajibu.

Hadija akanishika mkono. "Baba, hiyo yako ni ya wapi?"

Sala naipima kwa jua. Saa niliiacha ya Fittja, iliyo nyuma ya hapa kwa saa moja, ili nijue wakati unapomeza dawa zako.

Mwenye mkahawa, mzee mwenye msalaba kifuani, alifunga mlango wake akatupakia katika gari lake la samaki. Salma alicheka njia nzima. Mimi nilisoma kila dua niijuayo. Alhamdulillahi, ngazi ya meli ilikuwa haijaondolewa.

Saa yangu sijaibadili. Wakati wa meli sasa anautunza Salma.

Mwenyezi Mungu akuponye, aibariki nyumba yetu na kila aingiaye humo, atukutanishe salama.

Mumeo,
Baba Hadija