Ng'ombe Wako Salama

Kwako Mama, mwenye sauti iliyoshinda kipaza sauti,

Ule ukumbi wa mawe pale Kajiado bado umesimama. Waingereza wa reli waliujenga kwa mtindo wa enzi za Malkia Victoria, wakauwekea roshani ya mbao, pazia jekundu na malaika wa plasta ambaye pua yake imemeguka. Ulisema anafanana na mjomba, na tangu hapo siwezi kumwangalia mjomba bila kucheka.

Hapo ndipo ulipoigiza na kikundi cha kanisa letu la Kitengela. Ulifunga kibanda chako cha mitumba mapema, ukanikalisha mbele. Ulikuwa mke wa mfugaji, na kazi yako ilikuwa kulia kwamba ukame umemaliza ng'ombe. Ukaingia, ukasalimu kwa Kimaasai, "Sopa!" Ukumbi mzima ukaitikia, "Epa!" Mara nyanya mmoja wa Kimaasai, tuliyemwita Koko, akauliza kutoka kitini, "Na ng'ombe wako aje?" Huku kwetu mtu hujibu kwamba mambo ni mazuri kwanza, ndipo atoe msiba. Nawe kwa adabu zako ukasema, "Wako salama, Koko." Mchezo ukaishia hapo. Mwelekezi alishika kichwa nyuma ya pazia, watu wakacheka hadi roshani ikalia.

Mwaka huu kaunti ilitaka kuugeuza ukumbi huo kuwa ghala la simiti, eti hakuna anayeuhitaji. Nilikasirika kweli. Mimi na kikundi chako tukaomba jioni moja ya mchezo, maafisa waje wajionee, nami nikapewa kufungua. Pazia lilipofunguka nikaona watu hadi kwenye ngazi, na maneno yote yakanitoka kichwani. Nikabaki na salamu tu.

"Sopa!"

"Epa!"

Koko, sasa amezeeka sana, akainua fimbo yake. "Wewe ni wa yule wa ng'ombe. Mama yako iko aje?"

Nimeliogopa swali hilo tangu tukuzike. "Yuko salama, Koko," nikasema, na kwa mara ya kwanza niliamini. Maneno yakarudi, tukacheza hadi mwisho. Habari ya msiba nilimpa baadaye mlangoni, tumeshikana mikono. Afisa mmoja alituambia simiti itatafutiwa pahali pengine.

Nakukumbuka sana, lakini leo nina furaha. Pumzika, Mama. Ng'ombe wako salama.

Ni mimi, binti yako wa kiti cha mbele