Sauti Nyuma ya Shingo

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Na watoto, bado wanakumalizia sukari? Mimi nipo, uchovu tu. Bado tunachambua mayai kiwandani, tunasimama tangu asubuhi mpaka miguu unaiona kama ya mtu mwingine.

Kuna jambo sijakuambia. Kibofu changu kimekuwa kama cha mama. Haja ndogo ikinibana hainipi hata nafasi ya kugeuka. Na hapa kutoka kwenye mstari lazima ubonyeze kitufe, taa nyekundu iwake juu ya kichwa chako, msimamizi alete mtu wa kushika nafasi. Wenzangu wananiita Bomba. Taa ikiwaka wanaulizana kama fundi ameshaitwa. Nami nacheka nao, nifanyeje?

Msimamizi alipoanza kununa nikaenda hospitali. Vidonge vilinikausha mdomo, madaktari wakavisimamisha. Ikawa kila Jumanne muuguzi ananichoma sindano nyembamba juu kidogo ya kifundo cha mguu, anaiunganisha kwa waya na kimashine, na umeme mdogo unanitekenya mpaka vidoleni. Nilimuuliza kama hajapotea njia, maana ugonjwa uko juu naye anahangaika chini. Akacheka, akasema mshipa wa fahamu wa mguuni na ule wa kibofu hukutana mgongoni. Ukiutuliza huu, na ule hutulia. Kweli dada, pole pole taa yangu ikaanza kushinda siku nzima bila kuwaka.

Lakini muuguzi hajui hili. Tangu tumzike mama, kila haja iliponibana nilimsikia nyuma ya shingo, vilevile alivyotuhimiza utotoni: "Wahi, mwanangu." Haja zilipopungua, naye akapungua. Mwishowe hakuja kabisa.

Nikaacha kwenda kwa muuguzi. Juzi, nikiwa na yai mkononi, mama akarudi. "Wahi, mwanangu." Nilitaka aseme tena, dada. Sikubonyeza kitufe. Nilisimama nikisikiliza mpaka buti zikalowa ndani, na safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi amenipa onyo la mwisho.

Kesho ni Jumanne. Nitakwenda. Wewe unaishi karibu na kaburi la mama. Pita umwambie simfukuzi, nashikilia kazi tu. Na kama siku moja utamsikia huko, niandikie amesema nini.

Wabusu watoto, lifunge goti wakati wa baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba