Namba Tano, Filamu Uliyoipanga Mwisho

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umekataa kuanza barua bila salamu.

Filamu namba kumi na tatu ya jasusi wetu imefika mjini. Nimewekewa kwenye flashi hapo hapo Mabatini, mlango wa tatu kutoka kilipokuwa kibanda chako cha ushonaji. Mzee Masalu, jirani yako wa spea za baiskeli, alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada tukaitazama pamoja. Jasusi wetu amepewa mwigizaji mwingine tena. Ilipoisha, mzee Masalu akauliza, "Sasa hii tunaiweka ya ngapi?" Nikachomoa flashi. Kuanza ilikuwa kazi yako.

Watu wengine huzipanga filamu zile kwa mapigano au kwa wasichana wazuri. Wewe ulizipanga kwa suti. Jasusi anaruka kutoka ghorofani, watu wote tumeshika vichwa, wewe unasogelea televisheni kuangalia bega. "Hapa fundi alikuwa anawaza mambo yake," ulisema kuhusu namba nane, ukaishusha palepale. Zile zilizowekewa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ulizikataa kabisa, kwa madai kwamba anapiga kelele mpaka huoni mshono. Mzee Masalu alihesabu pikipiki. Mimi nilitaka kujua nani anamsaliti nani, na kwa nini.

Orodha yetu ilikaa nyuma ya mlango wa kibanda, imeandikwa kwa chaki yako ya kukatia vitambaa, ili iwe rahisi kufuta. Na tulifuta kweli. Namkumbuka yule bwana harusi wa Misungwi aliyekuja kujaribu koti lake, akakuta tunaibishania namba saba, akakaa kuitetea mpaka jioni. Mchumba wake alikuwa anamsubiri saluni. Ulicheka hadi ukavua miwani.

Namba tano tu ndiyo hatukuwahi kuelewana. Suti yake ulikubali haina kasoro, lakini kila mwaka uliiweka mwisho. Humo wakubwa wanamtuma jasusi ng'ambo ya mpaka wakijua kabisa kwamba hakuna atakayekwenda kumchukua. Kuna dada wa redioni anayeongea naye kila siku, anamwambia gari liko njiani, na hakuna gari. Mimi niliiweka ya pili. Nilisema ndiyo hadithi nzuri kuliko zote. "Hiyo si hadithi, mama, huo ni unyama," ulinijibu. Uliniita mama kwa sababu nina jina la bibi. Wiki nzima ukawa unaniita dada wa redio mbele ya wateja.

Halafu chakula kikaanza kukukwama kooni.

Siku ya majibu ulibaki kwenye benchi la nje, koti limefungwa vifungo vyote. Daktari alituita ndani mimi na baba mdogo. Kansa ya koo, imeshasambaa. Hata hatujafika mlangoni, baba mdogo akanishika mkono. "Asiambiwe. Akijua atakata tamaa, atatufia mikononi." Kwetu wagonjwa wote wameuguzwa hivyo; hata bibi aliondoka akiamini ana malaria. Sikubisha. Nilitoka nikakwambia ni vidonda vya tumbo vimepanda juu, utakunywa dawa vitaisha.

"Basi afadhali," ulisema.

Miezi iliyofuata nilidanganya kwa bidii. Dawa za maumivu nilizibandua karatasi. Wageni niliwawahi getini kuwafundisha la kusema. Siku moja nikakukuta kwenye cherehani unapunguza kiuno cha suruali yako ya kijivu. Ukasema imelegea kwa kuvaliwa sana. Uliipunguza mara tatu, suruali ile ile. Miaka thelathini umepima viuno vya watu, na mimi nilitegemea usijue chako kinakwenda wapi. Nikikumbuka hapo naona aibu mpaka leo.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Mama alikuwa amekwenda sokoni, wewe umelala kwenye godoro sebuleni, ukaniomba namba tano. Nilishangaa, nikaiweka. Ilipofika pale redioni ukasema, "Simamisha kidogo." Nikasimamisha.

"Ungekuwa wewe huyu dada, mama, ungemwambia?"

"Ningemwambia," nilijibu, haraka, kama mtu aliyeulizwa habari za filamu.

Uligeuza kichwa ukanitazama. Hukuuliza tena. Ulisubiri tu, mikono yako juu ya shuka, na nilijua unachosubiri, baba. Usidhani sikujua. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nilichukua rimoti, nikaendelea na filamu, nikaongeza na sauti.

Ilipoisha ulisema tuipandishe, ikae ya sita. Nikakuuliza sababu. "Angalau yule dada alikuwa anaongea naye kila siku," ulisema, ukafumba macho. Nikaenda kukupikia uji ambao hukuweza kuumeza. Wiki tatu baadaye tulikuzika Kisesa, karibu na bibi.

Matanga yalipokwisha mzee Masalu alinivuta pembeni, akashindwa kuanza, akajikohoza. "Alijua," akasema. "Tangu wiki ya kwanza. Alitukataza sisi rafiki zake tusikwambie kwamba anajua, maana alikuona unavyohangaika kumficha. Alisema ana maneno ya kukwambia, lakini atayasema siku utakayomwambia mwenyewe. Hakutaka kukuumbua."

Nilimuuliza maneno gani. Mzee wa watu akatikisa kichwa. Hukumwambia.

Tangu siku hiyo sina amani. Ndugu wananisifu kwamba nilikuuguza vizuri, kwamba hukupata hofu hata siku moja, na baba mdogo ananitolea mfano kwenye vikao vya ukoo. Nawashukuru, huku natamani kupiga ukelele. Nina hasira naye, na zaidi nina hasira na nafsi yangu. Hata nawe nina hasira kidogo, unisamehe. Mzazi ungeweza kuanza. Halafu nakumbuka kwamba ulianza, Alhamisi ile, nikakuongezea sauti ya televisheni.

Nimejaribu kukisia. Pengine yalihusu mama, au kiwanja, au mambo madogo tu ya baba na mtoto. Pengine ulitaka kunisifu, jambo ambalo hukulizoea. Kila ninachokisia nakisia kwa sauti yangu, si yako. Nimechoka kukisia.

Leo nimefunga mlango wa sebule, mama yuko kwa majirani, televisheni nimeizima. Nimevuta kigoda nikakiweka pale lilipokuwa godoro lako. Sitakuaga kwanza, maana kuna jambo sijakwambia.

Baba, havikuwa vidonda. Ilikuwa kansa, na daktari alisema hutapona. Nilijua tangu siku ile ya benchi.

Nimeshakwambia. Nimekaa hapa. Sema.

Ni mimi, binti yako.